Mke wa askari hahitaji saini ya mumewe wala kibali cha kamanda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mama aliyeandika katika toleo lililopita kwamba mumewe, askari wa jeshi letu la UPDF, amekataa kwa muda mrefu kuzungumzia talaka, hapokei simu, hatumi matumizi ya watoto, na kila mama huyo anapofika kambini huambiwa asubiri afande atoke operesheni. Aliuliza mambo mawili: kama mtu asiye na fedha za wakili anaweza kuachana na askari asiyetaka kuachana, na kama ni lazima kwanza apate kibali cha kamanda. Mimi si wakili. Nilikuwa karani katika ofisi ya utawala ya batalioni, na tangu nistaafu nimekuwa nikiwasindikiza wake wa askari, na mara chache waume wa askari wa kike, kwenda mahakamani na kwenye ofisi za msaada wa sheria. Swali la pili jibu lake ni fupi. Hakuna sheria ya Uganda inayomtaka raia aombe ruhusa ya kamanda ili amshtaki mwenzi wake, wala mahakama ya kijeshi haina mamlaka ya kuvunja ndoa. Swali la kwanza linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndani yake kuna kosa ambalo si la mama huyo bali ni la utaratibu wetu wa kambini.

Kwanza aangalie ni ndoa ya aina gani aliyo nayo, maana hapo ndipo njia zinapogawanyika. Waliooana kwa taratibu za Kiislamu, kama majirani zangu wengi hapa Bombo, shauri lao huanzia kwa kadhi, iwe ni talaka ya mume au khului, yaani talaka anayoiomba mke, na talaka hiyo inapaswa kuandikishwa kama ndoa ilivyoandikishwa. Ndoa ya kimila ina wazee wake, ingawa nayo huweza kufikishwa mahakamani. Ndoa ya kanisani na ya kiserikali huvunjwa na mahakama peke yake, na hata askofu akikubali, bila hukumu ndoa bado ipo. Halafu kuna kundi kubwa ambalo watu huona haya kulitaja: waliokutana kambini, wakaishi katika vile vibanda vya mabati tunavyoviita mama ingia pole, wakazaa watoto wanne, bila mahari, bila kanisa, bila kadhi. Sheria ya Uganda haiutambui ukaaji huo kuwa ndoa, hata ukiwa wa miaka ishirini, kwa hiyo hakuna talaka ya kuomba. Haki ya watoto kutunzwa na baba yao inabaki pale pale, na mwanamke aliyechangia kununua kiwanja anaweza kudai mchango wake, lakini asipoteze nauli kutafuta hati ya talaka ambayo hakuna hakimu atakayempa.

Nadhani mama yule ana ndoa ya kanisani, kwa jinsi alivyoandika, na kwa hiyo nitaendelea na hiyo.

Sheria yetu ya Talaka ni kongwe. Asili yake ni mwaka 1904. Kwa miaka karibu mia moja mume aliweza kuomba talaka kwa sababu ya uzinzi tu, wakati mke alitakiwa aongeze juu ya uzinzi kosa jingine, kama vile ukatili au kutelekezwa kwa miaka miwili au zaidi. Mwezi Machi 2004 Mahakama ya Katiba, katika shauri lililofunguliwa na chama cha mawakili wanawake kinachojulikana kama FIDA Uganda pamoja na wenzao, ilibatilisha vifungu hivyo vya ubaguzi. Tangu hapo uzinzi, ukatili au kutelekeza ni sababu kwa mume na kwa mke vilevile, na moja ikithibitishwa inatosha. Bunge lilijaribu kuandika sheria mpya kupitia Muswada wa Ndoa na Talaka wa mwaka 2009, ukakwama mwaka 2013, na kwa hiyo mpaka leo tunasoma sheria ya kikoloni iliyotobolewa na hukumu za mahakama. Lakini sheria hiyohiyo ina kipengele kimoja kinachowafaa maskini: inasema kwamba pale wahusika wote wanapokuwa Waafrika, shauri linaweza kusikilizwa na hakimu mkuu au hakimu wa daraja la kwanza. Waliokiandika hawakutufikiria kwa heshima, lakini leo kinamwokolea mwanamke wa Gulu au Moroto safari ya kwenda Mahakama Kuu.

Sasa nije kwenye neno kutokubali. Watu wengi wanaamini kwamba talaka ni mkataba ambao lazima pande zote mbili zisaini, na askari wakaidi wanaitumia imani hiyo vizuri sana. Mahakama haiombi saini ya mume. Inaomba mambo mawili tu: ithibitishiwe kwamba amepewa taarifa ya shauri, na iletewe ushahidi wa sababu iliyotajwa. Akipewa taarifa asifike, shauri husikilizwa bila yeye. Kinyume chake, wanandoa wakikubaliana kutunga sababu ya uongo ili waachane haraka, sheria inaliita hilo njama na inaweza kulitupa ombi. Mume mkaidi anaweza kuchelewesha, kuzuia hawezi.

Hapa kuna tahadhari inayohusu familia za askari hasa. Kuwa mbali si kutelekeza. Jeshi letu liliingia Somalia Machi 2007, na likaingia mashariki ya Kongo katika Operesheni Shujaa Novemba 2021. Mtu aliyepelekwa Mogadishu au misitu ya Ituri kwa amri ya jeshi hajamwacha mkewe, hata asipoonekana nyumbani kwa miezi mingi. Nimewaona wanawake wakifika kwa hakimu na hoja kwamba mume ameondoka mwaka wa pili huu, wakarudishwa, kwa sababu waliulizwa alikwenda wapi wakajibu alipelekwa misheni. Kinachotazamwa ni nia ya kuacha, na nia huonekana katika matendo: alipopewa likizo alikwenda kwa nani, alibadili namba ya simu lini, aliacha lini kutuma fedha, nani analipa ada ya shule. Kwa sababu hiyo namshauri mama huyo aende kwenye kampuni yake ya simu aombe taarifa ya mobile money ya miaka mitatu iliyopita. Karatasi hiyo ni shahidi asiyetishika. Inaonyesha fedha ziliingia kila mwisho wa mwezi mpaka mwezi fulani, halafu kimya. Aongeze barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, risiti za shule zenye jina la aliyelipa, na nakala ya cheti cha ndoa, ambayo kama imepotea ataitafuta kanisani alikofungia ndoa au katika Ofisi ya Usajili, yaani URSB.

Tena asitupe yale makaratasi ya upatanisho. Kila kambi ina ofisi ya kamisaa wa siasa, na huko mke na mume huitwa, husemwa, husameheana, na makubaliano huandikwa. Sina ubaya na ofisi hiyo. Ndoa nyingi zimepona pale, na nimewaona makamisaa wakimshawishi askari akubali sehemu ya mshahara wake iende kwa watoto moja kwa moja, jambo ambalo mahakama ingelichukulia mwaka kulifikia. Tatizo ni pale upatanisho unaporudiwa mara ya tatu na ya nne, kila mara mke akiahidiwa matumizi yasiyokuja, na hatimaye anaambiwa kwamba kwenda mahakamani ni kulidhalilisha jeshi. Akisaini makubaliano, aombe nakala yake siku hiyohiyo. Ahadi iliyoandikwa na kuvunjwa ni ushahidi mzuri kuliko machozi, na wakili wa mume akija kudai kwamba mke alikwisha kusamehe, nakala hizo ndizo zitakazoonyesha kwamba msamaha ulitolewa kwa masharti ambayo hayakutimizwa.

Kuhusu fedha, naomba nieleze mahali zinapokwenda, kwa kuwa wengi hukata tamaa wakidhani kwamba ada ya mahakama ndiyo kubwa. Si hivyo. Mtu anaruhusiwa kusimama mwenyewe mbele ya hakimu bila wakili, na asiyeweza hata ada ya kufungulia shauri anaweza kuomba kibali cha kushtaki kama maskini chini ya Amri ya 33 ya Kanuni za Mashauri ya Madai, akionyesha kwamba hana mali ya kulipia. Kanuni hiyo ipo, ingawa makarani wengine hushangaa ukiitaja. FIDA Uganda, mradi wa msaada wa sheria wa Chama cha Mawakili, kliniki ya chuo cha sheria cha LDC, na Justice Centres Uganda iliyo chini ya Mahakama, husaidia watu wasio na uwezo bila malipo ya wakili. Ofisi hizo ni chache na foleni zake ni ndefu, kwa sababu nchi yetu imezungumzia sheria ya taifa ya msaada wa kisheria kwa miaka mingi pasipo kuipata. Anayekaa Kitgum anaweza kutumia nauli nyingi kuifikia huduma ya bure. Ajihadhari pia na wale wanaokaa chini ya miti karibu na mahakama wakijiita mawakili. Hati wanazoandika hukataliwa mara nyingi, na fedha hazirudi.

Lakini gharama inayowavunja nguvu wengi ni ya kumfikishia mume samansi, yaani hati ya kumwita mahakamani. Mpeleka hati akifika langoni mwa kambi anaambiwa mhusika hayupo. Anarudi, anaambiwa amehamishwa brigedi. Anakwenda huko, anaambiwa yuko kozi. Kila safari ni ya kulipiwa na mwanamke anayeuza nyanya. Baada ya hapo Amri ya 5 ya Kanuni zilezile inaruhusu samansi ifikishwe kwa njia mbadala, mahakama ikiridhika kwa kiapo kwamba mtu hapatikani kwa njia ya kawaida au anajificha, na njia ambayo mawakili wengi hukimbilia ni tangazo gazetini. Wewe Mhariri unajua bei ya tangazo kuliko mimi, na ningefurahi kama magazeti yangefikiria bei nyingine kwa mtu aliyepewa kibali cha kushtaki kama maskini. Lakini sheria hailazimishi tangazo liwe la gazetini. Hakimu anaweza kuagiza hati ibandikwe kwenye ubao wa mahakama na katika makao ya mwisho yanayojulikana ya mhusika, au ifikishwe kwa namna nyingine anayoona inafaa, na mke wa askari ana haki ya kuomba kwamba namna hiyo iwe kuikabidhi kwa ofisi ya kamanda wa kikosi ambako mshahara wa mumewe unatoka. Aliombe hilo kwa maandishi, aeleze kwamba hana fedha za tangazo, na aambatanishe kiapo cha mpeleka hati kikitaja kila lango alilofika, tarehe na jibu alilopewa.

Hapo ndipo ninapowageukia wakubwa wangu wa zamani. Nimekaa katika ofisi ile, nayajua makaratasi yake. Kila asubuhi hesabu ya askari huchukuliwa, na kila batalioni inajua nani yupo, nani yuko likizo, nani yuko hospitali, nani yuko misheni. Askari akidaiwa na chama cha akiba na mikopo anapatikana. Akiteuliwa kwenda kozi anapatikana usiku huohuo. Kusema kwamba hapatikani pale tu mahakama inapomtafuta kwa ajili ya mkewe ni jambo ambalo karani anaambiwa aseme, na mimi nimewahi kulisikia likisemwa dirishani na mtu aliyekuwa na orodha ya majina mbele yake. Usiri wa operesheni ni wa kweli na lazima uheshimiwe. Hakuna anayetaka mpeleka hati aambiwe kikosi kiko kilima gani. Kuipokea hati na kuandika kwamba imepokelewa hakumwambii adui lolote.

Nasema haya nikijua kwamba askari naye ana haki. Mtu aliye mstari wa mbele hawezi kusimama mbele ya hakimu wiki ijayo, na ingekuwa dhuluma ndoa yake ivunjwe na kiwanja alichokinunua kwa posho ya misheni kijadiliwe akiwa katika handaki. Hilo lina dawa yake, nayo ni kuahirisha. Kamanda akiandika kwamba mhusika yuko kazini nje ya nchi hadi mwezi fulani, sijui hakimu atakayekataa kupanga tarehe ya baadaye. Kuomba muda ni jibu la heshima. Kunyamaza ni kumlipisha mke gharama ya ukimya, na wanaonufaika na ukimya huo mara nyingi si wale walio handakini bali walio mjini, wanaolala kilomita chache kutoka mahakamani.

Kuna mambo matatu mengine ambayo mama huyo asiyasubirishe mpaka talaka itoke. Matunzo ya watoto hayategemei talaka: Sheria ya Watoto inampa nafasi ya kwenda kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, au kitengo cha polisi cha ulinzi wa mtoto na familia, na kutoka huko hadi mahakama ya familia na watoto, na mlango huu ni wa bei nafuu na wa haraka kuliko ule wa talaka. Ardhi ni ya pili. Kama familia inaishi kwenye kiwanja hicho au inapata chakula chake hapo, Sheria ya Ardhi, hasa baada ya marekebisho ya mwaka 2004, inazuia mwenzi mmoja kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwingine, na mwenzi ambaye jina lake haliko kwenye hati anaweza kuweka zuio kwenye ofisi ya ardhi. Nimeona viwanja vikiuzwa kimyakimya katika wiki ileile ambayo mume alisikia tetesi za samansi. Mahakama ya Juu, katika shauri la Rwabinumi na Bahimbisomwe lililoamuliwa mwaka 2013, ilikubali kwamba mchango wa mwenzi katika mali ya ndoa unaweza kuwa wa moja kwa moja au usio wa moja kwa moja, hivyo miaka aliyolea watoto mume akiwa vitani inaweza kuhesabiwa, ingawa nusu kwa nusu si jambo la kujitokea lenyewe. La tatu ni usalama. Akitishwa, na hasa akitishwa na mtu anayebeba bunduki, Sheria ya Kuzuia Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 inamruhusu kuomba amri ya ulinzi kwa hakimu, na katika hili kamanda anafaa kuambiwa mapema sana, kwa kuwa uwezo wa kumnyang'anya askari silaha siku hiyohiyo anao yeye.

Na ng'ombe wa mahari? Mama huyo aliandika kwamba ndugu za mume wanasema hakuna talaka mpaka mahari irudi. Mwezi Agosti 2015, katika shauri la shirika la MIFUMI la Tororo, Mahakama ya Juu iliamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndipo ndoa ya kimila ivunjwe ni kinyume cha Katiba. Basi kaka zake wasiuze shamba kwa ajili hiyo, na kwa ndoa ya kanisani dai hilo halina hata mahali pa kusimama.

Ajue pia kwamba siku hakimu atakapokubali ombi lake, hukumu ya kwanza haimwachi huru. Lazima ipite miezi isiyopungua sita kabla haijafanywa kuwa ya mwisho, na katika kipindi hicho bado ni mke wa mtu mbele ya sheria. Akiolewa na mwingine anaingia katika kosa la jinai. Nyumba ya kambini ataiacha, kwa sababu ni ya jeshi na si ya ndoa, na aanze mapema kutafuta pa kulala. Watoto wanaendelea kuwa watoto wa askari, na majina yao yasiondolewe kwenye kumbukumbu za kikosi kwa hasira za baba.

Ombi langu kwa mkuu wa utumishi na utawala wa jeshi ni dogo. Kila kikosi kiwe na ofisa mmoja anayetajwa kwa cheo kuwa ndiye mpokeaji wa hati za mahakama za madai. Asaini alipopokea, ampe askari nakala popote alipo kwa njia za jeshi lenyewe, na airudishie mahakama karatasi moja yenye majibu ya maswali mawili: je, mhusika amepewa hati, na kama hawezi kufika tarehe iliyopangwa, ataweza kuanzia lini. Fomu ya namna hiyo haihitaji Bunge. Inahitaji agizo moja la utawala, na makarani wa kuijaza wapo katika kila batalioni.

Wako,
Sajini mstaafu,
Bombo, Wilaya ya Luwero